Sifa za Mpanga Ndoana

Katika uvuvi wa chambo bandia, anayesifiwa ni mchongaji. Lauri Rapala wa Finland, aliyechonga samaki wake wa kwanza kwa kisu mwaka 1936 na kumvika karatasi ya chokoleti ili ang'ae, jina lake lingali midomoni mwa wavuvi hadi leo. Lakini yule anayemrudisha samaki huyo wa bandia mahali pake, asimchome mtu, nani anamtaja? Mimi namsifu huyo.

Tazama ngalawa inayorambaza nguru au jodari. Ndani hata miguu hainyooshwi: kuna nanga, upo wa kufulia maji, kamba za tanga, na watu wawili pekupeku. Humo humo kuna chambo chenye urefu wa shubiri, kimebeba ndoana tatu, na kila ndoana ina makucha matatu. Makucha tisa kwa chambo kimoja! Kikiachwa ovyo, wimbi moja tu linakipeleka kwenye tanga au kwenye wayo wa aliyeinuka kukaza demani. Vikiachwa viwili pamoja vinashikana, na kuvitenganisha chombo kikiyumba ni kazi ya kumtoa mtu machozi.

Fundi ninayemsema hachukui kitu cha dukani. Huchukua dumu la mafuta ya kula la lita 20, akalikata kichwa, akalitoboa kitako ili maji yapite, kisha akasimamisha ndani yake vipande vya bomba la plastiki mpaka vibanane. Kila chambo kina bomba lake: mwili unaning'inia ndani, ukucha mmoja umeshika ukingo. Waya wa kufungia chambo haukosekani, maana meno ya nguru hukata nailoni mara moja. Waya huo huuviringa kwa duara pana wala haukunji, kwa kuwa ukishapata kunjo, samaki mkubwa ataukatia hapo hapo. Duara hulibana kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mwisho dumu hulifunga kwenye mlingoti, lisibingirike chombo kinapobisha.

Sanduku la vyumba vidogo vidogo, lile la mfuniko, sioni faida yake kwenye ngalawa. Hata wavuvi wa samaki aitwaye muskie kule Wisconsin na Minnesota, Marekani, ambao chambo chao huweza kuzidi sentimita 30, hununua masanduku marefu ya kuning'iniza. Wamefika pale pale alipofika mwenye dumu, ila kwa gharama zaidi.

Kazi nyingine huja baada ya kupwelewa. Chumvi haina huruma: ndoana moja iliyolowa ikifungiwa na zilizo kavu, zote zitapata kutu. Kwa hiyo fundi wangu huzisuuza kwa maji matamu, akazianika kivulini, akazigusa mafuta kidogo. Ngisi wa mpira laini humweka mbali kabisa na chambo kigumu, kwani mpira ule hutoa mafuta yanayolainisha rangi mpaka vikagandana.

Nawe ukitengeneza dumu lako, usisahau koleo la kukatia waya. Lifunge nje, kwenye mkono wa dumu, mahali unapoweza kulifikia bila kutazama. Siku ndoana itakapokuingia kiganjani, utakuwa na mkono mmoja tu wa kulitafuta.