Izime Kwanza: Mwongozo wa Kuchagua Baiskeli ya Umeme ya Bei Nafuu

Muuzaji wa baiskeli za umeme ana desturi moja: kabla mteja hajauliza neno, ameshawasha skrini. Tarakimu zinawaka, taa inamulika, gurudumu la nyuma linazunguka hewani kwa kasi. Mwambie aizime. Baiskeli ya umeme ya bei nafuu huanza kupimwa ikiwa haina umeme, kwa kuwa huko ndiko mtengenezaji alikobania fedha: kwenye spoku, beringi, breki na uchomeleaji wa fremu. Mota ya kumsukuma mtu mmoja haina tena siri. Viwanda vingi vya China vinaitengeneza, na nyingi zinafanya kazi yake. Baiskeli ya kuihimili mota hiyo kila siku, mwaka baada ya mwaka, juu ya matuta na mashimo, hiyo ndiyo ya kutafutwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na skrini ya rangi ndiyo miguu yake.

Maelezo haya ni ya mtu wa kazini: anayetoka Kimara kwenda Posta, Dar es Salaam, asubuhi, au Kawangware kwenda katikati ya Nairobi, mwenye fedha za kununua mara moja tu.

Ikiwa imezimwa

Anza kwa kuinua. Baiskeli nyingi za aina hii zina kilo 20 hadi 28. Ikizidi 30, jiulize nani ataipandisha ngazi za nyumba ya kupanga, na utaisukumaje betri ikiisha njiani. Kisha ipande, uinyonge mita mia mbili hivi bila umeme. Itakuwa nzito kuliko baiskeli ya kawaida, hilo halina ubishi, lakini iserereke. Ikisita, ama breki zinagusa, ama beringi ni mbovu, ama mota yake ni ile isiyo na giya ndani, ambayo sumaku zake hulivuta gurudumu hata umeme ukiwa umezimwa.

Sasa chuchumaa mbele ya gurudumu la nyuma. Mota ikikaa ndani ya habu, spoku zinabeba uzito wako, uzito wa mota na nguvu ya mota kwa pamoja, ndiyo maana baiskeli duni huanza kufia hapo. Zungusha gurudumu ukitazama pengo kati ya rimu na fremu: lisipanuke na kufinyika. Bana spoku mbilimbili kwa vidole. Zote zikaze kwa kiasi kinachokaribiana. Zigonge moja moja kwa spana ndogo na usikilize. Yenye sauti butu imelegea, na zikiwa kadhaa, ujue gurudumu lilifungwa harakaharaka. Spoku za milimita 2 zinatosha baiskeli ya kawaida. Zinazobeba mota ni vizuri zikaribie milimita 2.3.

Tazama uchomeleaji pale mabomba ya fremu yanapokutana na bomba la usukani, kisha chini ya kiti. Mstari wake uwe wa upana mmoja, bila vitundu wala sehemu iliyorukwa. Foku yenye springi isikupumbaze. Zile za bei ya chini huyumba na kugonga. Foku ngumu yenye tairi pana kidogo itakufaa zaidi kwenye barabara ya vumbi. Kuhusu tairi lenyewe, chagua ukubwa ambao fundi wa mtaani kwako anao. Inchi 26 hupatikana karibu kila duka la vipuri vya baiskeli. Tairi nene za inchi 4 zinapendeza pichani, lakini ulizia kwanza bei ya tyubu zake, kama zipo.

Betri: hesabu, mizani na mita

Betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote, na ndiyo inayosemewa uongo zaidi. Usiulize inakwenda kilomita ngapi. Uliza volti na ampea-saa, uzidishe. Volti 36 kwa ampea-saa 10 ni wati-saa 360. Volti 48 kwa ampea-saa 10 ni wati-saa 480. Anayenyonga kwa kiasi na kuiachia mota sehemu iliyobaki hutumia takriban wati-saa 10 hadi 12 kwa kila kilomita ya mjini. Anayetegemea akseleta peke yake, miguu imekaa tu, anaweza kufika 20.

Chukua njia ya mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, kilomita 15.8. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 32, na kwa wati-saa 12 kila kilomita unahitaji 384. Betri ya 360 haitakurudisha nyumbani bila kuchaji kazini. Ya 480 itakurudisha na kubakiza akiba, nayo akiba hiyo si anasa. Betri ya lithiamu ikichajiwa mara 500 hadi 1,000 hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake, na joto la pwani huharakisha uchovu huo. Asilimia 80 ya 480 ni 384, kile kile ulichohitaji. Kwa hiyo nunua betri kwa kufikiria siku itakapokuwa imechoka. Siku ya kwanza kila betri ni hodari.

Lebo nayo ina dawa yake, mizani ya kuning'iniza. Ndani ya betri nyingi mna seli ndogo zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kila moja ina gramu 45 hadi 50, na hakuna ya ukubwa huo inayohifadhi zaidi ya ampea-saa 3.6 hivi. Betri inayodaiwa kuwa ya volti 48 na ampea-saa 20 inahitaji seli zisizopungua 78, yaani karibu kilo nne kabla ya kuhesabu kasha na nyaya. Ukiletewa ya kilo tatu, lebo imedanganya, hata kama muuzaji mwenyewe hajui.

Baada ya mizani, azima mita ya fundi redio. Betri ya volti 36 iliyojaa husoma karibu 42. Ya volti 48 husoma karibu 54.6. Kisha ipeleke mlimani. Volti kushuka mbili au tatu mota inapovuta ni kawaida, na hurudi ukipumzika. Betri inayoonyesha imejaa kisha ikajizima katikati ya mlima ina seli zilizochoka, na punguzo la bei halitazifufua. Zile za asidi na risasi, nzito kama za gari, hushusha bei ya baiskeli, lakini hupandisha uzito na hufa mapema. Kwa safari ya kila siku, ziache.

Mota: usinunue maandishi

Wati zilizochongwa juu ya habu hazisemi yote. Nguvu inayofika kwenye mota huamuliwa na kontrola, kisanduku kinachoongoza umeme kutoka betri hadi mota: zidisha volti za betri kwa ampea za juu zilizoandikwa kwenye kontrola. Yenye ampea 15 kwenye betri ya volti 36 hupitisha hadi wati 540, hata kama mota imeandikwa 250. Mota mbili zenye namba tofauti zinaweza kupanda mlima mmoja sawasawa.

Sheria ya Umoja wa Ulaya huihesabu kuwa baiskeli ile yenye mota isiyozidi wati 250 za mfululizo, inayoacha kusaidia mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Wengi hapa huidharau namba hiyo. Hebu tupige hesabu. Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 100, wakipanda mwinuko wa asilimia 5 kwa kilomita 12 kwa saa, wanahitaji kama wati 160 kushinda mwinuko, na kidogo zaidi kwa tairi na upepo. Miguu ya mtu wa kawaida inaweza kutoa wati mia moja kwa muda mrefu. Mota ya 250 na miguu yako vinatosha kwa jiji. Wati zaidi ni za mwenye kubeba mizigo au anayeishi juu ya mlima mkali.

Mota yenye giya ndani utaijua hivi: zungusha gurudumu mbele, linakwenda bure, lizungushe kinyumenyume, unahisi uzito. Aina hii ni nyepesi na ina nguvu mlimani. Ikiwashwa ivume kwa sauti moja laini. Ikikwaruza, meno yake yameanza kulika.

Chunguza pia inavyoitika. Baiskeli nyingi za bei nafuu zina kihisi kinachojua tu kwamba pedali zinazunguka. Hakijui unatia nguvu kiasi gani. Mota huchelewa kidogo kuwaka na kuchelewa kuzima, na kwenye foleni ya magari ucheleweshaji huo ni hatari. Zima kabisa akseleta, nyonga polepole kati ya vitu viwili vilivyobanana, kisha acha. Ikikusukuma mbele baada ya miguu kusimama, irudishe kwa mwenyewe.

Breki

Ukitoka kilomita 15 kwa saa hadi 25, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza inakaribia mara tatu. Kwa hiyo breki za mpira zinazobana rimu hazitoshi wakati wa mvua. Tafuta breki za diski. Za waya ni nafuu na fundi yeyote anaziweza. Za mafuta zinashika vizuri zaidi, lakini hakikisha kuna mtu mjini mwako anayejua kuzitoa hewa.

Jaribio moja usiliruke. Inua gurudumu la nyuma, washa mota, kisha gusa mkono wa breki kidogo tu. Mota ikate papo hapo, kabla breki hazijaanza kubana. Jaribu mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Isipokata, mota na breki zitashindana siku utakayohitaji kusimama ghafla.

Maji na chumvi

Anayepita Jangwani wakati wa masika anajua barabara ikigeuka mto. Hakuna baiskeli ya bei nafuu iliyotengenezwa kuzamishwa. Maji yakifika kwenye ekseli, shuka au tafuta njia nyingine, maana waya huingilia hapo hapo kwenye mota. Tazama waya huo: ushuke kwanza chini ya ekseli kisha upande, ili matone yadondoke yasifuate waya ndani. Kontrola isikae chini kabisa ya fremu, na viungio vya nyaya viwe na mipira ya kuzuia maji. Mombasa, Tanga na Zanzibar adui ni chumvi ya hewani. Chomoa kiungio kimoja utazame pini. Zikiwa na ukijani kwenye baiskeli inayoitwa mpya, imekaa nje muda mrefu.

Mtumba wa Japani

Japani ndiko baiskeli ya kusaidiwa na mota ilikoanzia sokoni, Yamaha ilipoleta ile ya PAS mwaka 1993, na baadhi hufika kwetu zikiwa mitumba. Kama baiskeli ni bora: fremu imara, na kihisi kinachopima nguvu ya mguu, hivyo mota huitika kwa upole. Tatizo liko kwenye umeme. Chaja zake nyingi ni za volti 100. Ukiichomeka kwenye soketi yetu ya 230 au 240 itaungua. Betri zake ni za muundo wa kampuni yenyewe na hazikubali mbadala wa jirani. Ukiipata na betri hai, chaja yake na transfoma ya kushusha umeme, umeokota dhahabu. Bila hivyo, mpe muuzaji bei ya baiskeli ya kawaida.

Chaja na usalama

Chaja ya betri ya volti 36 hutoa 42, ya volti 48 hutoa 54.6, na vichwa vyake wakati mwingine hufanana. Kuikosea ni kukaribisha moto. Mwaka 2023 jiji la New York lilipoteza watu 18 kwa moto wa betri za lithiamu, na mwaka huo huo likaweka sheria kwamba baiskeli za umeme zinazouzwa humo ziwe zimethibitishwa kwa kiwango cha usalama cha UL 2849. Ukiiona alama hiyo, au ya UL 2271 kwenye betri, ni jambo la kulipia. Usiponunua yenye alama, chaji ukiwa macho, mbali na mlango unaotokea, na usichaji betri iliyotoka juani kabla haijapoa.

Pesa zikipungua

Kabla ya kulipa, mpeleke fundi wako akaione. Aulizwe jambo moja: ukipata pancha ya nyuma, ataweza kutoa gurudumu? Karibu na gurudumu pawe na kiungio cha kuchomoa waya wa mota, na nati za ekseli zikubali spana ya kawaida, mara nyingi namba 18. Kama waya umeunganishwa moja kwa moja hadi kwenye kontrola, kila pancha itakuwa safari ya mjini.

Bajeti isipofika, punguza kwa mpangilio huu: skrini, springi za foku, uwezo wa kukunjika, wati, kisha ukubwa wa betri ikiwa kazini kuna soketi. Ubora wa seli, breki na gurudumu la nyuma usiviguse. Mwisho, muulize muuzaji bei ya betri ya pili, aiandike kwenye risiti. Asiyejua bei hiyo anakuuzia baiskeli ya miaka miwili au mitatu. Gawanya bei ya baiskeli kwa miaka hiyo, uilinganishe na nauli yako ya mwaka, ndipo utajua kama ni nafuu.