Masikio Kwanza, Magoti Baadaye

Kumwombea mtu ni ufundi, na kama ufundi mwingine wowote, una mafundi na una walipuaji. Fika Ishiara, kule Mbeere Kaskazini ambako nyanda kavu za Embu zinateremkia mto Thuci na kupakana na Tharaka, uketi na wenyeji kwenye jumuiya. Utawakuta mafundi na walipuaji katika kikao kimoja.

Jumuiya ndogondogo ya Kikatoliki hukutana nyumbani kwa wanajumuiya, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Viti vya plastiki hutolewa uani, Injili husomwa, kisha huja zamu ya maombi. Hapo mlipuaji hujitokeza. Atawaombea wagonjwa wote, wajane wote na mayatima wote wa dunia, aketi bila kumgusa hata mmoja. Mwenzake ni wa hatari zaidi: “Tumwombee dada yetu, mambo yake mnayajua wenyewe.” Kabla ya amina, siri ya watu imeshatoka nje ya ua. Wa tatu amefumba macho, lakini anayesemeshwa si Mungu. Ni jirani aliyeketi kiti cha pili.

Mama wa maombi, yule fundi hasa, kazi yake ameianza mapema, njiani akitoka sokoni. Ameuliza: mtoto ameshikwa na homa tangu lini? Amelazwa papa hapa Ishiara au amepelekwa Embu? Karo imebaki kiasi gani? Ndengu zimeshika, au mvua imekatika zikiwa kwenye maua? Zamu yake ikifika hasemi mengi. Anamtaja mtu kwa jina, anaitaja shida yake, anaomba kitu kimoja kinachoeleweka, ananyamaza. Aliyoambiwa faraghani huyaombea peke yake alfajiri, kabla hajawasha moto wa chai. Mbele za watu hayagusii hata kwa mafumbo.

Umakini huu una mizizi mirefu. Katika kitabu cha Kutoka, Haruni anaagizwa aingie patakatifu akiwa na mawe 12 kifuani, kila jiwe limechorwa jina la kabila lake. Abrahamu naye, akiiombea Sodoma, anapunguza hesabu kama mnunuzi wa mbuzi soko la Ishiara: wenye haki 50, 45, 40, 30, 20, hadi 10. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliirudisha Sala ya Waamini katika Misa, na kuelekeza waombewe Kanisa, watawala, wenye shida mbalimbali na watu wote. Mpango huo ni mzuri, ila unabaki mtupu mpaka atokee mtu anayejua ni nani mwenye shida wiki hii.

Wala mila za Waafrika hazikuwa ngeni kwa jambo hili. John Mbiti, kasisi wa Kianglikana na mwanatheolojia mzaliwa wa Kitui, ng'ambo ya mto Tana, alichapisha mwaka 1975 mkusanyo wa sala za dini za jadi za Afrika. Humo watu wanaomba mvua, uzazi, afya na mifugo, bila kuzungukazunguka.

Lakini kuna siku mvua haiji na mgonjwa anafariki. Sodoma nayo iliteketea, pamoja na kubembeleza kote kule. Mama wa maombi hana maelezo ya jambo hilo, na simsikii akijifanya anayo. Hamwambii mfiwa kwamba imani yake ilipungua. Anafika matangani, anachota maji, anamenya viazi, anaosha vyombo, na jumuiya ikikutana tena anawataja watoto walioachwa. Ameshamchukua mtu huyo kwa jina, hawezi tena kupita langoni pake kama mpita njia. Mlipuaji hana deni hilo: aliyeiombea dunia nzima hatarajiwi kwenye matanga ya mtu yeyote.

Ndiyo maana namsifu fundi huyu kwa masikio yake kuliko ulimi wake. Kanisani wapo wenye sauti nzuri za kuomba, na Mungu awabariki. Anayetaka kujifunza kuombea wengine, hata hivyo, asianze nao. Aanze kwa kumuuliza jirani hali yake, asiridhike na “nzuri” ya kwanza, na asubiri jibu.