Maneno ya Furaha Sokoni: Uhakiki wa Tangazo la Biashara

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ilitungwa katika soko ambalo mnunuzi alimwona muuzaji usoni, akaligusa embe, akalinusa, akalirudisha likiwa halikumpendeza. Leo mambo yamegeuka. Kizuri nacho chajitembeza, tena kwa gharama kubwa, na kibaya kimevaa nguo zile zile. Mnunuzi hana tena njia ya kuvitofautisha kwa kutazama mwendo wao. Ndiyo sababu tumeona yafaa kulizungumzia tangazo la biashara katika kurasa hizi za walimu wa Kiswahili, si kama jambo la wachumi, bali kama utungo. Lina mtungaji, lina hadhira, lina fani na maudhui, na hapana shaka kwamba husomwa na watu wengi kuliko diwani yoyote tuifundishayo darasani.

Tunaandika kutoka Muganza, umurenge mmoja wa Wilaya ya Rusizi, katika eneo lililokuwa Mkoa wa Cyangugu hadi mageuzi ya utawala ya 2006. Huku, kwenye uwanda wa Bugarama wenye mashamba ya mpunga, Kiswahili hakikuletwa na sheria ya 2017 iliyokifanya kuwa lugha rasmi ya Rwanda. Kilikuja mapema zaidi kwa miguu ya wachuuzi, madereva na Waislamu, kutoka Bukavu, Kamanyola na Bujumbura. Kwa hiyo mtoto wa hapa hukisikia Kiswahili sokoni kabla ya kukisoma shuleni, na maneno mengi humfikia yakiwa yamekwisha kutumiwa na muuzaji. Neno kama furaha, neno kama maisha, mwalimu hulipokea kutoka mkononi mwa mfanyabiashara, si kinyume chake. Hapo ndipo penye hatari tunayotaka kuieleza.

Tuanze na fani. Kampuni ya simu ya Vodacom, nchini Tanzania, imepata kutumia katika nyakati mbalimbali misemo mitatu ambayo mwalimu yeyote wa sarufi angefurahi kuiandika ubaoni: «Maisha ni murua», «Kazi ni kwako» na «Yajayo yanafurahisha». Tunakiri uzuri wake. Ni mifupi, ina mizani, haina neno la kigeni lililopachikwa, na aliyeitunga anaijua lugha. Lakini tuitazame kwa karibu.

Murua, katika kamusi za zamani, ni adabu, heshima, mwenendo mwema wa mtu mbele ya wenzake. Mtu wa murua alikuwa mtu aliyejua kusema na kunyamaza mahali pake. Sikuhizi neno hilo limekuwa na maana ya uzuri na starehe tu, na hatusemi kwamba tangazo peke yake ndilo lililoleta mabadiliko hayo. Maana za maneno huhama kwa sababu nyingi. Hata hivyo, msemo ule ulipoenea ulilisukuma neno upande mmoja. Sifa iliyokuwa ikipatikana kwa kutenda ikawa hali inayopatikana kwa kununua muda wa maongezi.

«Yajayo yanafurahisha» unastahili kuhakikiwa zaidi, kwa maana ndio ulio stadi kuliko yote. Kwanza, hauna mtenda. Yajayo ni nini? Kiambishi chasimama peke yake, na nomino yake haitajwi: mambo, maisha, matoleo, au madeni pia. Pili, hauna mtendwa. Kitenzi furahisha ni cha kusababisha; kwa kawaida mtu humfurahisha mtu. Hapa shamirisho imeondolewa, na kila msomaji hujaza nafasi hiyo kwa nafsi yake bila kuambiwa. Tatu, na hili ndilo kubwa, wakati wa kitenzi haulingani na wakati wa jambo. Kama wangesema «yatakufurahisha» ingekuwa ahadi, na ahadi huweza kudaiwa. «Yanafurahisha» si ahadi. Ni taarifa juu ya jambo lisilokuwapo. Furaha imewekwa kesho, na kitenzi kinasemwa kana kwamba imekwisha kufika leo. Mtu aishiye ndani ya sentensi hiyo hawezi kufika mwisho wake, kwa kuwa kila kijacho kikishakuja hakimo tena miongoni mwa yajayo.

Wenzetu wa Kenya nao walipewa na Safaricom, mwaka 2017, neno moja tu: «Twaweza». Umbo hilo la wakati uliopo, tw-a-weza, lina ladha ya lugha ya mapokeo, na hilo lilichaguliwa kwa makusudi au kwa bahati njema. Swali letu ni juu ya nafsi. Hiyo «tu» ni akina nani? Ni kampuni na mteja wake, mwenye hisa na mama auzaye sukuma wiki, wote wamefungwa katika silabi moja. Kuweza twaweza pamoja; kulipa kila mtu hulipa kwa namba yake. (Sisi nasi tunatumia «sisi» katika makala haya, na msomaji ana haki ya kutuuliza swali hilo hilo.)

Pengine atatokea mtu wa kutuambia kwamba biashara na maneno vimekuwa pamoja katika utamaduni wa Waswahili tangu zamani, na kwamba tunalia bure. Atakuwa na hoja, na hoja yake ni kanga. Kanga ni bidhaa. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa Mombasa mwaka 1887, limeuza kanga zenye alama «Mali ya Abdulla» kwa zaidi ya karne moja, na jina la kanga, yaani ule msemo ulioandikwa upande wa chini, huweza kuiuza kanga kuliko rangi zake. Je, jina la kanga si tangazo?

Twasema si tangazo, na tofauti ni kubwa. Mfanyabiashara wa kanga humwuzia mwanamke sentensi, kisha sentensi huwa mali ya mwanamke. Ni yeye aamuaye kumvalia jirani mchongezi, au mume aliyechelewa, au kumzawadia mama mkwe. Ni yeye aamuaye lini apite nayo na mbele ya nani. Msemo ule ule, kwa wanawake wawili, wasema mambo mawili. Tangazo la ukutani halimwachii msomaji nafasi hiyo. Lenyewe ndilo lisemalo, naye ndiye asemwaye. Kuta za maduka yetu zimepakwa rangi ya njano ya MTN na nyekundu ya Airtel, na mwenye duka, ambaye labda alifurahi kupata rangi ya bure, hakuulizwa angependa ukuta wake useme nini.

Sasa tuje kwenye neno moja ambalo tunalipenda kuliko yote tuliyoyataja. Mnyarwanda humwita «mukorogo» mchanganyiko wa dawa za kuchubua ngozi. Neno limetoka kwetu: ni mkorogo, kutoka koroga, kama uji. Bidhaa hii haihitaji bango. Chupa husafiri mkobani, na tangazo lake ni uso wa mtu maarufu kwenye skrini, uliosafishwa kwa taa na mashine hadi hauna kovu wala kivuli. Lugha ya chupa yenyewe ni ya mng'aro na ulaini. Ndani yake huweza kuwamo haidrokwinoni au zebaki, na zebaki hudhuru figo. Serikali ya Rwanda ilianza msako mkali madukani mwishoni mwa 2018. Lakini tuangalie nani alitangulia kuihukumu bidhaa hii. Kabla ya wakaguzi kufika, watu wa kawaida wa mitaani walikwisha kuipa jina lake: kitu kilichokorogwa. Hakuna mfanyabiashara ambaye angeuandika mkorogo juu ya chupa yake. Huo ni uhakiki uliofanywa na lugha bila mhakiki, tena kwa neno la Kiswahili lililovuka mipaka na kupokewa katika Kinyarwanda, na twaona ni mfano bora wa kufundishia kuliko kurasa nyingi za nadharia.

Wataalamu nao wamejaribu kuipima furaha. Tangu 2012 imekuwa ikitolewa Ripoti ya Furaha Duniani, na katika ile ya 2019 Rwanda iliwekwa nafasi ya 152 na Tanzania ya 153, kati ya nchi 156. Wengi waliumizwa na orodha hiyo, wengine wakaicheka. Ni wachache waliolisoma swali lenyewe. Mhojiwa huambiwa aifikirie ngazi yenye vidato kutoka 0 hadi 10. Kidato cha juu ni maisha bora kabisa awezayo kuyapata, cha chini ni mabaya kabisa. Kisha huulizwa: wasimama wapi sasa? Neno furaha halimo katika swali hilo.

Sisi twauliza: kidato cha juu kimechorwa na nani? Mkulima wa mpunga ambaye mfano wake wa maisha bora ulikuwa nyumba ya bati ya jirani na ng'ombe wawili, alikuwa na ngazi fupi. Mjukuu wake ana simu, na katika simu hiyo kidato cha juu kipo Dubai. Mchumi John Kenneth Galbraith alikwisha kueleza mwaka 1958 kwamba katika jamii ya utajiri, uzalishaji wenyewe huumba mahitaji unaodai kuyatosheleza. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliotumia majibu ya karibu watu milioni moja katika nchi 27 za Ulaya kati ya 1980 na 2011, ulionyesha kwamba gharama za matangazo zilipopanda, kuridhika kwa watu na maisha yao kulishuka katika miaka iliyofuata. Huo ni utafiti wa Ulaya, na haithibitishi lolote juu ya Bugarama. Tena hatutaki kusikika tukisema kwamba maskini angetosheka kama asingeonyeshwa picha. Umaskini ni umaskini, na majeraha ya 1994 ni majeraha. Alama ya chini ina sababu nzito kuliko bango. Tunachosema ni kwamba anayeirefusha ngazi kutoka juu humteremsha aliye chini bila kumgusa.

Muganza yatupa mfano wa ajabu kidogo. Kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanza uzalishaji mwaka 1984, kipo hapa hapa. Kitu ambacho watu wa Kigali hukiona kikitangazwa, sisi hukiona kikitoka mlangoni. Na mfuko wake umeandikwa SUREBUILD, neno la uhakika katika lugha ambayo wapakiaji wengi hawaizungumzi nyumbani. Saruji ni bidhaa njema. Ukuta wake husimama, na mvua ya huku si ya mchezo. Lakini uhakika huo ungeweza kuandikwa kwa Kinyarwanda, au kwa Kiswahili, na ungesomwa na aubebaye begani.

Juu ya simu tutasema machache, kwa kuwa yamesemwa na wengi. Mama auzaye samaki au mchele hadi Kamanyola huijua bei kabla ya kuvuka, na kampeni ya Connect Rwanda, iliyoanzishwa Desemba 2019 ili kuzifikishia familia simu za kisasa, haikuwa upuuzi. Ila bango lilimsubiri mpita njia. Simu humfuata kitandani. Mwaka 2017 huduma ya MoKash ilileta mikopo katika simu za Rwanda, kama M-Shwari ilivyofanya Kenya tangu 2012. Kwa hiyo kifaa kile kile humwonyesha mtu kitu, humkopesha fedha za kukinunulia, na humkumbusha deni. Kati ya hamu na ununuzi hamna tena safari ya kwenda nyumbani kufikiri. Na katika nchi hii hatuhitaji kuhubiriwa juu ya uwezo wa sauti iingiayo nyumbani kila siku. RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993, iliwavuta vijana kwanza kwa muziki na mizaha. Chuki iliingia katika masikio yaliyokwisha kuzoea. Hatulinganishi sabuni na mauaji. Twasema tu kwamba hapa, kusikiliza kwa makini si anasa ya wasomi.

Basi mwalimu afanye nini? Kukataza hakusaidii, na kumwambia mwanafunzi kwamba tangazo ni uongo ni kumdharau, kwa maana anajua. Sisi tumekuwa tukiwapa wanafunzi tangazo moja na kuwataka warudishe kila kilichoondolewa: mtenda, mtendwa, bei, na aliyelipa. Halafu waligeuze kwa Kinyarwanda. Kwa «yanafurahisha» walikwama. Furaha kwa Kinyarwanda ni «ibyishimo», kutoka «kwishima», na kitenzi hicho kina kiambishi cha kujirejea, kama «ji» yetu katika kujipenda: mtu hujifanyia mwenyewe. Upande mmoja wa darasa ulishikilia kwamba yafaa kutumia kauli ya kusababisha, «bishimisha», kwa kuwa ndivyo tangazo lilivyosema. Upande wa pili ulidai kwamba kwa kufanya hivyo tafsiri inampa muuzaji kazi isiyo yake. Mjadala ulikula vipindi viwili, na kengele ilipolia walikuwa bado wanabishana juu ya nani awe kiima cha sentensi.