Gia Boksi Iliyoshushwa Bure

Gia boksi ile haikupaswa kushushwa. Waliosimama kuizunguka Land Rover 109 ya Series IIA katika gereji ile ya Arusha, na wengine waliotumiwa video kwenye simu, waliona jambo lile lile. Dereva alikanyaga klachi mara moja, akasubiri kidogo, akajaribu gia ya nyuma, meno yakasagana. Akapampu pedeli mara tatu harakaharaka, gia ikaingia kimya. Fundi mkuu alitazama yote hayo, akatamka kwamba sahani ya klachi imekwisha, na vijana wakaanza kufungua viti.

Gari lilikuwa limeshaeleza ugonjwa wake, na halikusikilizwa.

Pedeli ya klachi ya Series IIA haivuti waya. Inasukuma pistoni ya silinda ya juu, yaani masta, masta inapeleka mafuta ya breki kwa bomba hadi silinda ya chini, na fimbo ya silinda hiyo inazungusha shafti inayosogeza beringi ya klachi. Sahani, presha pleti na beringi havijui pedeli imekanyagwa mara ngapi. Vinajua tu vimesogezwa umbali gani. Ikiwa kukanyaga mara moja kunaleta umbali pungufu na kukanyaga mara tatu kunaleta umbali kamili, basi kilichobadilika kiko kwenye mafuta: ama kuna upepo unaobanwa ndani ya bomba, ama raba za masta zinapitisha mafuta na kila pigo la pedeli linaziba pengo. Sahani iliyokwisha haiponi kwa kupampu. Tena dalili yake ni nyingine kabisa. Sahani iliyokwisha huteleza: injini inapanda mzunguko na gari halivuti, hasa mlimani ukiwa na mzigo. Gari lile halikuwa likiteleza hata kidogo. Klachi yake ilikuwa haikati, na kutokata na kuteleza ni magonjwa mawili yanayokwenda pande tofauti. Fundi aliyechanganya haya mawili mbele ya watu alikosea somo la kwanza la kazi yake.

Wanaomtetea wanazo hoja mbili, na zote zina msingi. Bushi ya shaba iliyo nyuma ya krenki ikikauka inaweza kuizungusha shafti ya gia boksi hata klachi ikiwa imekata, na gia zitapiga kelele. Vilevile gari lililolala muda mrefu kwenye unyevu sahani yake hugandamana na flaiwili kwa kutu. Sawa. Lakini gari lile lilifika gerejini likitembea lenyewe, kwa hiyo kutu ya kugandisha haikuwapo, na hakuna bushi duniani inayolegea kwa sababu pedeli imepampiwa. Wapo pia wanaokumbusha kwamba gia ya kwanza na ya pili za IIA hazina sinkromeshi, kwamba ni ya tatu na ya nne tu zilizo nayo, na kwa hiyo kelele ni tabia ya gari hilo. Kweli tupu, na vijana wengi waliolelewa na Land Cruiser za juzijuzi huliita bovu gari zima kwa sababu hiyo. Ndiyo maana kipimo cha heshima hufanywa kwa gia ya nyuma: injini ikinguruma taratibu, klachi chini, unahesabu sekunde kadhaa ili vyuma vya ndani visimame, ndipo unaingiza. Dereva yule alisubiri. Kelele ilikuwa ya klachi.

Kilichotakiwa kufanywa hakihitaji hata spana. Mtu mmoja akanyage pedeli, mwingine alale chini na kutazama fimbo ya silinda ya chini. Ikisogea kidogo kwa pigo la kwanza na zaidi kwa pigo la tatu, maswali kuhusu sahani yanakwisha hapo hapo. Kisha pedeli ishikiliwe chini gia ikiwa imeingia: gari likianza kujivuta lenyewe taratibu, masta inapitisha mafuta. Kisha mkono upitishwe pale fimbo ya pedeli inapoingia kwenye masta, kwa sababu mafuta ya breki hula rangi, na rangi iliyobabuka mahali pale ni ushahidi. Tena Land Rover waliwaachia mafundi tundu chini ya nyumba ya klachi, lenye kizibo kinachofungwa wakati wa kuvuka maji tu. Tundu hilo linazungumza. Mafuta meusi yakidondoka, sili ya nyuma ya injini imechoka. Yakiwa mazito na yananuka kiberiti, ni ya gia boksi, na sahani iliyolowa mojawapo ya hayo lazima itolewe. Tundu la gari lile lilikuwa wazi na kavu, na kamera ya simu ililipita mara mbili.

Badala yake, kikafunguliwa kila kitu. Kwenye Series, kushusha gia boksi maana yake ni kuondoa sakafu, sanduku la viti, propela shafti za mbele na nyuma, kebo ya spidi na vyuma vya breki ya mkono, ambayo kwenye gari hili hukamata shafti ya gia boksi na siyo magurudumu. Bodi ni ya aluminiamu na bolti ni za chuma. Metali hizo mbili zikikaa pamoja miaka sitini na maji ya mvua, zinalana. Bolti zikakatika, kama zinavyokatika siku zote, na matundu yaliyotobolewa upya yataonekana kwenye sakafu ile maisha yake yote. Gari lililokuwa na sakafu yake ya kiwandani sasa halina. Hasara hiyo hairudishwi na risiti yoyote, na inauma kuliko fedha za mwenye gari.

Kwa haki, kazi ya ndani ilikuwa safi: sahani mpya iliwekwa katikati kwa shafti ya zamani, bushi ikabadilishwa, na gia boksi haikuachwa ikining'inia kwenye sahani wakati wa kurudisha.

Sahani ya zamani iliponyanyuliwa, vichwa vya ribiti vilikuwa vimezama ndani kabisa na nyama ya kutosha imebaki juu yake. Palepale ingewezekana kukiri na kuanza kutazama juu, kwenye masta. Sahani ikatupwa pembeni, mpya ikafungwa, gari likarudishiwa viungo vyake, na gia ya nyuma ikasagana kama mwanzo. Masta mpya ikafungwa, upepo ukatolewa, na ugonjwa ukaisha.

Safu hii imekuwa ikisema jambo hili kwa miaka, na italisema tena: biashara ya kuuza sahani, presha pleti na beringi kwa pamoja imewafanya mafundi wengi wasikie dalili moja tu. Ukitembea Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi na kutaja neno klachi, boksi linawekwa mezani kabla hujamaliza sentensi. Raba ya masta haina faida, kwa hiyo haina mtetezi. Na pale inapobadilishwa, mara nyingi hubadilishwa peke yake ndani ya silinda iliyokwisha kuliwa na kutu, ambayo kingo zake huinyoa raba mpya katika majuma machache. Ubaya mwingine ni wa wanaojazia chombo cha juu mafuta ya injini pale mafuta ya breki yanapokosekana. Mafuta ya injini huvimbisha raba hizo hadi zikwame, na siku hiyo klachi haikati wala hairudi.

Kulisikiliza gari kabla ya kulifungua si jambo jipya. Joginder Singh alikuwa fundi kabla Kenya haijamjua kama dereva. Aliposhinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1965 akiwa na nduguye Jaswant, alikuwa na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, na alipolichukua tena taji mwaka 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Colt Lancer, tabia ilikuwa ile ile ya kulijua gari kabla ya kuligusa. Kati ya Safari 22 alizoanza, alimaliza 19. Bert Shankland na Chris Rothwell walioshinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404 walipita njia zile zile za vumbi na tope, na mwaka 1968 magari 7 tu kati ya 93 ndiyo yaliyofika mwisho. Katika mashindano ya namna hiyo saa ilikuwa inahesabu hata gari likiwa limesimama. Fundi aliyefungua sehemu isiyo na ugonjwa aliwatoa watu wake mashindanoni, kwa hiyo sikio na jicho vilifanya kazi kwanza, na jeki ikafuata. Arusha ya leo, mji uliojaza mamia ya Land Rover barabarani kwenye tamasha la mwaka 2024, haina sababu ya kufanya kazi chini ya kiwango hicho.

Na kazi yenyewe haijaisha. Shafti ya beringi kwenye IIA inaunganishwa kwa bomba fupi lenye pini, na pini hizo hulika hadi sehemu ya mwendo wa pedeli inapotelea hapo. Sanduku la viti likiwa limetolewa, zilikuwa wazi mbele ya macho ya wote na hakuna aliyezitikisa. Silinda ya chini nayo ni ile ile ya zamani, yenye raba za zamani, na sasa inapokea presha kamili ya masta mpya ambayo haijaionja kwa muda mrefu. Mwenye gari avute raba ya vumbi ya silinda hiyo kila wiki na kutazama kama ndani kumelowa, na akikuta mafuta, abadilishe silinda nzima na kuzipima pini siku hiyo hiyo. Vyote viwili vinafikiwa bila kuigusa gia boksi.