Uzi Usioonekana

Fundi cherehani mzuri wa Kikwe, mkoani Arusha, hachagui uzi akiwa ndani. Hutoka na kitambaa hadi barazani, penye mwanga wa jua, akavuta uzi mmoja tu na kuulaza juu yake. Ukiwa bado umezungushwa kwa wingi, uzi huonekana umekolea. Ukishonwa, rangi hupungua. Kwa hiyo akikosa unaolingana kabisa, huchukua uliokolea kidogo, maana uliopauka hung'ang'ania macho kwenye mshono.

Kutoka nje kwenyewe kuna sababu. Kitambaa na uzi hutiwa rangi katika viwanda tofauti, kwa dawa tofauti. Bluu mbili zinaweza kufanana chini ya taa ya duka mjini Arusha, kisha zikaachana juani, kwa sababu kila dawa hurudisha mwanga kwa namna yake. Sketi ya shule ya msingi huvaliwa juani, basi uzi wake uchaguliwe juani.

Kitenge ni mtihani mkubwa zaidi. Kina rangi tano au sita, na mshono mmoja unazipita zote. Nimeona mafundi wakikitazama kwa mbali, macho yamefumbwa nusu, wakitafuta ile rangi inayotawala. Mara nyingine jibu ni kijivu, rangi ambayo haimo kabisa kwenye kitenge, lakini inatulia kati ya zote. Uamuzi huo naustahi sana.

Kisha kuna kufua. Uzi wa polista hutiwa rangi katika maji ya nyuzijoto 130 hivi, chini ya shinikizo, na rangi ikishaingia ndani haitoki kirahisi. Pamba haina ushupavu huo. Baada ya misimu kadhaa ya sabuni na jua, shati la pamba limepauka na mishono yake bado imekolea. Fundi makini humwambia mteja hayo mapema. Wekundu mkali yeye huujaribu kwanza: hulowesha uzi, akaubana kwenye kipande cheupe na kuona kama unachuja.

Kwenye kudarizi mambo hugeuka, maana hapo uzi unatakiwa uonekane. Uzi unaong'aa, ukilazwa wima kwenye jani moja la ua na kulazwa kwa mlalo kwenye jani la pili, hutoa rangi mbili kutoka uzi uleule. Mdarizi hodari huligeuza ua zima kwa mwelekeo wa sindano tu, bila kununua uzi mwingine.