Kura Zilizonaswa Ndani ya Kurasa

Mtu wa Membley, huku Ruiru, akiamka anataka kujua mambo matatu: Thika Road imefungana kiasi gani, maji yanarudi lini, stima inapotea wapi leo. Simu yangu inanipa siasa za uchaguzi wa 2027. Nimechoka nazo, basi nikajitengenezea chujio.

Malighafi ni mlisho wa RSS, teknolojia ya 1999 ambayo wengi waliizika Google ilipofunga Google Reader mwezi Julai 2013. Haikufa. BBC Swahili wanao, na tovuti iliyojengwa kwa WordPress kwa kawaida huutoa ukiongeza neno feed mwishoni mwa anwani yake. Humo kila habari ina kichwa, muhtasari, kiungo na tarehe. Programu fupi ya Python husoma hayo, huyalinganisha na orodha ya maneno yangu, kisha hunirudishia mlisho uliopungua. Kazi ya jioni moja.

Orodha ndiyo iliyonila wiki mbili. Kanuni nyingi za kuchuja zimezoea Kiingereza, ambako neno hurefuka mkiani. Ukishika mwanzo wake umelishika lote. La kwetu hurefuka pande zote mbili. Ukizuia "uchaguzi", basi "chaguzi", "waliochaguliwa" na "atakayechaguliwa" zinakupita hivi hivi. Nikaacha maneno mazima nikatafuta mzizi popote ulipojificha: "chagu". Ukanasa zote, na juu yake ukamnasa mwanasiasa Rigathi Gachagua. Hapo sikurekebisha kitu.

Kwa wagombea niliweka "gomb", nikidhani nimemaliza. Zikapotea habari za sokwe wa Gombe, kule Kigoma, ambako Jane Goodall alianza utafiti wake mwaka 1960. Zikapotea na bei za ng'ombe, lakini si zote: mhariri aliyeweka ritifaa yake sawasawa habari yake ilipita, aliyeandika "ngombe" alizuiwa pamoja na wanasiasa. (Sikujua programu inaweza kusahihisha tahajia kwa ukali namna hiyo.) Nikarefusha mzizi kuwa "gombea", wote wakarudi.

"Kura" ilinitesa zaidi. Imo ndani ya "kurasa". Imo ndani ya "kurahisisha", na kila mpango wa barabara Kenya huja kurahisisha usafiri, kwa hiyo nilichokuwa nikikitupa ni zile zile habari nilizozitafuta. Hiki ni kidonda cha zamani: mwaka 1996 wakazi wa Scunthorpe, Uingereza, walishindwa kufungua akaunti za kampuni ya intaneti ya AOL kwa kuwa jina la mji wao limebeba tusi katikati. Dawa hapa ni kinyume cha ile ya "chagu". Kura haina umoja wala wingi tofauti, hivyo inatosha kuidai neno zima, mipaka pande zote, na "mpigakura" na "wapigakura" zikaandikwa peke yao. Ndiyo kusema hakuna kanuni moja ya Kiswahili. Kila neno huulizwa ngeli yake kwanza.

Hata hivyo neno moja si ushahidi wa kutosha kuihukumu habari. Sasa natumia mizani: neno la siasa kwenye kichwa lina pointi 3, kwenye muhtasari 1. Ikifika 3 inawekwa kando, haifutwi. Membley, Ruiru, Kamakis au Thika Road likitajwa, pointi 3 zinaondolewa, maana diwani akiahidi lami hapa kwetu nataka kumsikia, angalau nije kumkumbusha.

Facebook na TikTok sikuzigusa. Huko mpangilio uko mikononi mwa wenyewe, na ukizuia neno wanakuletea video isiyo na neno.

Chujio hili nimeliwekea tarehe ya kujizima: Julai 2027. Uchaguzi ni Jumanne, 10 Agosti.