Tunafundisha Kingereza tukipitia nyumba ya jirani

Kuna swali moja lenye nilishindwa kujibu mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha. Ninalileta hapa juu wengi kati yetu tuliosoma Kingereza tunaishia mbele ya tablo, hata wale wenye hawakupanga kuwa walimu.

Ilikuwa kilasi ya mwisho ya umanite, watoto zaidi ya makumi sita, viti havitoshi. Somo la siku ile lilikuwa Things Fall Apart ya Chinua Achebe. Kitabu chenyewe hakikuwapo. Nilikuwa na fotokopi ya kurasa chache tu, zilizobaki za wakati wangu wa chuo. Nikaandika ku tablo: mwandishi, kuzaliwa 1930, nchi Nigeria, kitabu kilitoka 1958, majina ya wahusika, na chini kabisa: fikra kuu, ukoloni. Watoto wakaandika mu kaye. Kisha nikawaeleza hadithi kwa Kifaransa, ili waelewe vizuri.

Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiswahili: "Mwalimu, Okonkwo alimuua Ikemefuna juu ya nini, na mtoto alikuwa anamuita baba?"

Kilasi ikacheka. Hawakucheka swali, walicheka Kiswahili. Na mimi, badala ya kuwanyamazisha, nikamwambia: "Sema kwa Kifaransa ama kwa Kingereza." Akakaa chini. Hakurudilia swali lake siku ile, wala siku nyingine.

Leo ninaona kama katika kilasi ile yote, mimi pamoja, ni yeye peke yake aliyekuwa amesoma kitabu. Wale wengine tulikuwa na orodha. Hata ile "fikra kuu" yangu ilikuwa nusu ya ukweli: Wazungu wanaingia katika hadithi wakati zaidi ya nusu ya kitabu imekwisha kupita. Kabla ya hapo Achebe anatuonyesha mtu mwenye nguvu anayeogopa kitu kimoja tu, kuonekana dhaifu kama baba yake. Mzee Ezeudu alimuonya asitie mkono katika kifo cha mtoto yule. Alikwenda, na alipiga, juu ya woga. Swali la kijana lilikuwa ndani kabisa ya kitabu, na mimi nililifukuza kwa sababu ya lugha lililovaa.

Basi hili ndilo ninalotaka kusema: tunafundisha Kingereza tukipitia nyumba ya jirani. Jirani ni Kifaransa. Tunatoka kwetu, tunaingia kwa jirani, tunaomba njia, halafu ndiyo tunafika kwa Mwingereza. Kumbe kutoka kwetu kuna njia fupi zaidi, lakini tunaona haya kuipita juu tumezoea kusema Kiswahili chetu kimeharibika.

Tukamate mifano ya sarufi kwanza, juu hapo ndipo hasara inaonekana wazi.

Mwalimu anataka kufundisha tofauti ya "I eat" na "I am eating". Anaandika pembeni Kifaransa: "je mange". Kwa sentensi ya pili? "Je mange" tena, ama anaongeza "en train de", na watoto wanaona kama ni urembo tu. Kifaransa cha kila siku hakiwasaidii hapa. Lakini muulize mtoto wa Lubumbashi, Bukavu ao Kindu. Anasema "nakulaka bukari" akieleza desturi yake, na "niko nakula bukari" kama sahani iko mbele yake. Angalia ile ya pili: "niko", halafu "nakula". "I am", halafu "eating". Vipande viwili kwa vipande viwili. Na ile "-ka" ya mwisho, yenye tunaambiwa si Kiswahili sanifu, inafanya kazi ileile ya "I eat every day". Mtoto alikuja kilasini na tofauti hiyo tayari mdomoni. Sisi tukamuomba aisahau, tukampa "je mange", kisha tukamwadhibu juu amechanganya.

Mfano wa pili. "I have eaten" na "I ate". Kwa Kifaransa tunachosema kila siku, yote mawili ni "j'ai mangé". Ndiyo maana mwanafunzi anaandika "I have eaten yesterday" na anashangaa kuona alama nyekundu. Kwetu tunasema "nimesha kula" kama tunakataa sahani, na "nilikula jana" kama tunahesabu siku. Anzia hapo, kosa linapungua.

Mfano wa tatu unaniuma zaidi, juu nilirudilia kosa hili mwaka mzima. Kwa Kifaransa, "son" na "sa" zinafuata kitu chenyewe: mama wa mvulana ni "sa mère". Mwanafunzi mwenye amejifunza "sa" ni ya kike anaandika "Peter and her mother". Nikasahihisha mara mia, wakarudilia mara mia. Siku niliyowaambia wasahau Kifaransa, waanze na "mama yake", mambo yakatulia. "Yake" haisemi mwenyewe ni mwanamume ao mwanamke. Kingereza kinauliza kitu kimoja tu: mwenye mama ni nani? Mwanamume, "his". Mwanamke, "her". Basi.

Sitaki kudanganya mtu. Kiswahili nacho kina mitego yake. "Niko na njala" inafanana na "j'ai faim", na zote mbili zinamsukuma mtoto aseme "I have hungry". Yeye yetu moja inafunika "he" na "she", ndiyo maana hata sisi wenye diploma tunateleza tukiongea haraka. Na sauti ya kwanza ya "think" watu wengi wa huku hawanayo: tunasema "samani", si "thamani", na Kifaransa hakitupatii sauti hiyo pia. Lakini mwalimu mwenye anajua mtego uko wapi anaweza kuuonyesha. Mwalimu mwenye anakataza lugha ya mtoto kuingia kilasini haoni hata mtego.

Najua jibu la wakubwa wetu wa chuo: Kingereza kifundishwe kwa Kingereza tu. Ni shauri zuri mahali penye vitabu, redio, wanafunzi makumi mbili, na mwalimu anayeongea bila kutafuta maneno. Tuseme kweli kati yetu: wangapi wanafanya hivyo dakika hamsini nzima? Tunaanza "Good morning, class", na baada ya dakika kumi tumekwisha kurudi kwa Kifaransa. Basi swali si kama tutatumia lugha ya tatu. Swali ni: ipi? Sheria ya elimu ya 2014 inakubali lugha za taifa kama njia ya kufundishia na kama somo, na Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Hatuvunji kitu. Wenzetu wa Kinshasa wajaribu na Lingala, wa Kasai na Tshiluba, watuambie wameona nini.

Wengine watasema kosa ni la Exetat. Kweli, Exetat inauliza Kingereza kwa kuchagua jibu lililokwisha kuandikwa. Mtoto anaweza kupata pointi bila kuandika sentensi moja yake, bila kufungua mdomo. Halafu anafika mpakani, ama mbele ya mtu anayemuuliza kazi, na hana sentensi. Tangu 2022 nchi yetu iko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na jambo hili haliwezi kungoja tena. Lakini Exetat haikunikataza kumjibu yule kijana. Hilo nilifanya mwenyewe.

Sasa nirudi kwa fasihi, juu sarufi ni nusu tu ya kazi. Kuna watu wanaofikiri kusoma fasihi ya Kingereza ni lazima mtu aache Kiswahili mlangoni. Mwalimu Nyerere hakuona hivyo. Alimtafsiri Shakespeare mwenyewe: Julius Caesar ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, naye ni rais wa nchi. Na kile kitabu cha Achebe kilikwisha kutafsiriwa na Clement Ndulute, kikatoka mwaka 1973 kwa jina Shujaa Okonkwo. Swali lile lenye nilikataa kwa sababu ni la Kiswahili, kitabu chake chote kilikuwa kinasomeka kwa Kiswahili kabla sijazaliwa. Mimi sikujua. Nilipewa diploma bila kujua.

Na kuna kitabu kingine kinachotugusa moja kwa moja. Joseph Conrad alipanda mto wetu kwa meli mwaka 1890 mpaka Stanley Falls, Kisangani ya leo. Kutoka safari ile alitoa Heart of Darkness, iliyoanza kutoka katika gazeti mwaka 1899. Dunia nzima inakisoma mashuleni. Mwaka 1975 Achebe alisimama katika chuo kikuu kimoja cha Marekani akakilaumu mbele ya watu: Waafrika wa mule ndani karibu hawapewi maneno, wanabaki kivuli cha Mzungu. Ubishi ule haujaisha mpaka leo. Lakini angalia: mahali ambapo Conrad alifika, Kiswahili kilikuwa kinaongewa tayari. Tippu Tip alikuwa gavana wa Stanley Falls tangu 1887, na habari za maisha yake aliziacha kwa Kiswahili, zikachapwa mwanzoni mwa miaka ya 1900. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe na wa watumwa, hatumsifu, wakubwa wetu walilia juu ya watu wake. Lakini weka kurasa mbili pamoja kilasini, moja ya Conrad na moja ya Tippu Tip, uwaulize watoto wa Kisangani na Kindu: nani anaongea hapa, nani ananyamazishwa, na sisi tuko wapi kati ya hawa wawili? Nani duniani yuko na haki ya kujibu kuliko wao? Na kujibu, wanahitaji lugha zote mbili.

Nisimalize bila kusema ninachofanya sasa, juu kulaumu peke yake ni rahisi.

Ninachukua ukurasa moja, si kitabu. Fotokopi moja kwa watoto watano, ao nauandika ku tablo jioni kama faranga zimekosa. Nausoma kwa sauti mara mbili, kwa Kingereza. Kisha kila kundi linaeleza kwa Kiswahili kilichotokea: nani, wapi, alifanya nini. Hapo ndipo naona nani ameelewa na nani anaigiza. Halafu tunarudi ku ukurasa, tunatafuta maneno ya Kingereza yanayobeba kile walichosema. Sarufi inaingia hapo, na mifano yake inatoka ndani ya ukurasa uleule. Mwishoni kila mtoto anaandika sentensi tatu kwa Kingereza, zake mwenyewe, kujibu swali moja lenye halina jibu ku tablo. Sentensi zina makosa. Zisahihishe mbili tatu, zingine ziache zipumue. Na kwa wale wanaoogopa juu ya Exetat: maswali ya kusoma na kuelewa yamo mule, na mtoto aliyezoea kupigana na ukurasa haogopi ukurasa mwingine.

Si dawa ya kila kitu. Kilasi inabaki kubwa, mshahara unabaki ule mnaoujua, na siku zingine wanacheka tu. Prefe wangu mmoja aliniuliza kama nimekuwa mwalimu wa Kiswahili. Nilimpa kaye tatu asome sentensi za watoto. Alizirudisha bila neno, na hakuniuliza tena.

Kila mwaka, tunapofika kwa Ikemefuna, mimi ndiye ninauliza sasa: alimuua juu ya nini? Ninauliza kwa Kiswahili kwanza. Mwaka uliopita msichana mmoja aliandika: "He killed him because he was afraid of his friends' eyes." Nilisoma sentensi ile mara nyingi. "His" iko mahali pake. Na jibu ni lile mimi nilipaswa kumpa yule kijana wa nyuma.

Wewe mwenye unaenda kuanza kazi mwezi wa tisa, mtoto akinyoosha mkono na kuuliza kwa Kiswahili, usimwambie akae. Mjibu kwanza. Kingereza mtakipata pamoja njiani.